Miezi Tisa ya Nani? Tuache Kubahatisha Tarehe ya Kujifungua

Muulize Mtanzania yeyote mimba huchukua muda gani, atakujibu miezi tisa kabla hujamaliza swali. Sasa muulize miezi hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Hapo ndipo utaona watu wanaangaliana. Mmoja atasema tangu siku alipokutana na mumewe. Mwingine atasema tangu alipokosa siku zake. Wa tatu atasema tangu alipoanza kutapika. Nesi wa kliniki naye ana jibu lake, na jibu lake si mojawapo ya hayo matatu.

Ndugu msomaji, leo nataka tulizungumze jambo hili kwa kirefu kidogo. Wengi wetu, wanaume kwa wanawake, wasomi kwa wasiosoma, tunaichukulia kadi ya kliniki kama risiti ya dukani: tunaitunza, lakini hatuisomi. Ndani ya kadi ile kuna sehemu mbili zenye herufi zinazotisha, LNMP na EDD. Ya kwanza ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ya pili ni tarehe ya makisio ya kujifungua. Ya pili huzaliwa na ya kwanza. Ukikosea ya kwanza, umekosea na ya pili, na kila uamuzi utakaofuata nao utapinda.

Hoja yangu ni hii. Tarehe ya kujifungua ni makisio, lakini makisio yapo ya aina mbili: yale ya maana na yale ya kubahatisha. Mama ana haki ya kuambiwa yake ni ya aina gani na yamepatikanaje. Na sisi wengine, yaani waume, mawifi, mama wakwe na mabosi wa kazini, tuna wajibu wa kuelewa hesabu hiyo kabla hatujaanza kuitumia kama fimbo.

Tuanze na hesabu yenyewe.

Kliniki haihesabu mimba tangu siku ilipotunga. Inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sababu ni nyepesi: siku ya hedhi mwanamke anaiona kwa macho yake, lakini siku ya kutunga mimba hakuna anayeiona. Kutoka siku hiyo ya hedhi unahesabu siku 280, sawa na wiki 40. Njia ya mkato inajulikana kwa jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Kijerumani aliyefundisha Heidelberg na kufariki mwaka 1851. Unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku saba, unarudi nyuma miezi mitatu, kisha unasogeza mwaka. Kama hedhi ilianza tarehe 10 Juni, ongeza saba upate 17, rudi nyuma miezi mitatu ufike Machi. Makisio ni tarehe 17 Machi ya mwaka unaofuata. Hata aliyeishia darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hii kwa vidole.

Ila hesabu hii ina masharti yake. Inachukulia kwamba mzunguko wa mwanamke ni wa siku 28 na kwamba yai hupevuka karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hupevuka kiasi cha wiki moja baadaye, hivyo hesabu ya kadi itamwambia mimba ni kubwa kuliko ilivyo. Mwenye mzunguko mfupi mambo hugeuka. Mara ngapi umemsikia nesi akimuuliza mama mzunguko wake ni wa siku ngapi? Wapo wanaouliza, nawapongeza. Lakini foleni ikiwa ndefu na nesi yuko peke yake tangu asubuhi, swali hilo ndilo la kwanza kurukwa.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kama mimba inahesabiwa tangu hedhi, na yai linapevuka wiki mbili baadaye, basi katika wiki mbili za mwanzo za mimba hakuna mimba! Mwanamke anayekosa siku zake leo na kupima leo ataambiwa ana wiki nne, ingawa mimba yenyewe ina kama wiki mbili tu tangu itunge. Utasema hayo ni mambo ya kitaalamu, yanatuhusu nini sisi? Subiri kwanza.

Tuseme kuna bwana anafanya kazi machimboni, au ni dereva wa lori la masafa marefu. Amerudi nyumbani tarehe 15 Machi baada ya miezi miwili ya kutokuwepo. Mkewe alianza hedhi tarehe 2 Machi. Mimba ikatunga tarehe 16. Tarehe 11 Mei mke anakwenda kupima, anarudi na karatasi imeandikwa wiki 10. Bwana anachukua kalenda na kurudi nyuma wiki 10. Anafika tarehe 2 Machi. Tarehe 2 Machi yeye alikuwa njiani, tena ana ushahidi! Kuanzia alipoingia nyumbani hadi siku ya kipimo ni wiki nane na siku moja. Hizo wiki mbili zilizozidi ni za nani?

Jamani, si za mtu. Ni za Naegele. Ni wiki za kuhesabia tu, kabla mimba haijatunga. Lakini nenda kawaulize mabaraza ya usuluhishi ya kata, waulize wazee wa mtaa, waulize masheikh na wachungaji wanaopokea kesi za ndoa. Mwanamke anasimama pale na karatasi ya hospitali mkononi, karatasi iliyopaswa kumtetea, nayo ndiyo inatumika kumhukumu. Hana la kusema kwa sababu hata yeye hakuelezwa. Sentensi moja tu kutoka kwa mpimaji ingetosha: "Wiki hizi tumehesabu tangu hedhi, mimba yenyewe ina wiki mbili pungufu." Sekunde kumi tu, na pengine ndoa imepona.

Twende kwenye miezi. Wiki 40 ukizigawa kwa nne unapata 10. Kwa hiyo kuna mama anaambiwa na shoga yake kwamba mimba ni miezi kumi, na mwingine anashikilia tisa, na wote wanagombana bure. Ukweli ni kwamba mwezi wa kalenda si wiki nne kamili, isipokuwa Februari ya siku 28. Siku 280 ni miezi tisa ya kalenda na kama wiki moja. Huku kwetu pwani kuna hesabu nyingine tena. Bibi anayehesabu kwa mwezi mwandamo, Mfungo Mosi, Mfungo Pili na kuendelea hadi Ramadhani, anatumia miezi ya siku 29 au 30. Kwa hesabu yake siku 280 ni karibu miezi tisa na nusu. Bibi hajakosea. Kalenda yake ndiyo tofauti. Akikutana na nesi anayetumia wiki na mkwe anayetumia kalenda ya ukutani, watu watatu wa nyumba moja watakuwa na tarehe tatu za mtoto mmoja.

Na Kiswahili chetu kitamu nacho kinachangia. Mtu akisema "atajifungua mwezi wa nane", anamaanisha Agosti. Lakini akisema "yuko mwezi wa nane", anamaanisha mimba ina miezi minane. Na yule aliye katika mwezi wa nane, je, amemaliza miezi minane au amemaliza saba na kuingia wa nane? Hapo pana tofauti ya wiki nne nzima. Kwa mtoto aliye tumboni, wiki nne ni tofauti kati ya mapafu yaliyokomaa na yasiyokomaa. Ndiyo maana wakunga wanapenda wiki. Mimi nasema tuwaige. Ukiulizwa mimba ina muda gani, jibu kwa wiki. Itasikika kama maringo mwanzoni, lakini tutazoea kama tulivyozoea mengine.

Sasa vipi kwa yule ambaye hakumbuki? Hapa naomba tuache dharau. Nimewahi kusikia mama akikaripiwa hadharani, "Yaani mtu mzima hujui siku zako!" Kuna sababu nyingi halali za kutojua. Yuko anayenyonyesha, ambaye hedhi haikurudi tangu amzae mtoto wa kwanza, na yai la kwanza kupevuka ndilo lililotunga mimba. Huyu hana hedhi ya mwisho ya kutaja. Yuko aliyekuwa akitumia sindano za uzazi wa mpango, hedhi ikavurugika kwa miezi. Yuko aliyepata matone ya damu mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi, akahesabia hapo, mimba ikaonekana changa kwa wiki nne kuliko ilivyo. Na yuko ambaye mzunguko wake haujawahi kuwa na mpangilio tangu avunje ungo.

Ukimkaripia mama wa namna hiyo, unajua atafanya nini? Atataja tarehe yoyote ili kuondoa aibu. Mara nyingi atataja tarehe inayotamkika vizuri, tarehe 1, au 15, au 20. Nesi ataiandika, hesabu itafanyika, na tarehe ya uongo itapata hadhi ya maandishi. Kuanzia hapo hakuna atakayeitilia shaka kwa sababu imeandikwa kwenye kadi. Heri kadi iseme "hakumbuki", mtaalamu ajue atafute njia nyingine, kuliko tarehe safi isiyo na ukweli.

Na kumbukumbu inaweza kusaidiwa. Watu wetu hawaishi kwa tarehe, wanaishi kwa matukio. Usimuulize tarehe ngapi. Muulize ilikuwa kabla ya Idi au baada yake? Shule zilikuwa zimefungwa? Ilikuwa wakati wa Nanenane? Mlikuwa mmeshavuna mpunga? Nesi mzoefu mwenye subira anaweza kutoka na jibu lililo karibu na ukweli kwa maswali matatu ya aina hiyo. Huo ni utaalamu, na hauhitaji umeme.

Njia nyingine isiyohitaji umeme ni mikono na futi ya fundi cherehani. Mfuko wa uzazi hukua kwa mpangilio. Karibu na wiki ya 12 huanza kupapasika juu ya kinena. Karibu na wiki ya 20 hufika usawa wa kitovu. Karibu na wiki ya 36 huwa umepanda hadi chini ya kifua, kwenye chembe ya moyo. Baada ya wiki ya 20 hivi, ukipima kwa futi kutoka kinena hadi juu ya mfuko, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, mbili juu au mbili chini. Pia mama husikia mtoto akicheza, mwenye mimba ya kwanza kati ya wiki ya 18 na 20, aliyekwisha kuzaa mapema kidogo, wiki ya 16 hadi 18. Dalili zote hizi zina thamani. Lakini zote zinadanganyika. Mapacha watainua futi. Maji mengi yatainua futi. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi utainua futi. Mtoto asiyekua vizuri ataishusha. Na hapo ndipo kuna hatari kubwa: kama tarehe hatuna uhakika nayo, tukiona tumbo dogo tutasema "mimba bado changa", kumbe mtoto anadhoofika ndani.

Ndiyo maana kuna altrasaundi. Kifaa hiki kiliingia kwenye elimu ya uzazi kupitia Glasgow, Uskochi, ambako Ian Donald na wenzake walichapisha kazi yao mwaka 1958. Mwaka 1973 Hugh Robinson, wa huko huko Glasgow, akaonyesha kwamba urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, ukipimwa katika miezi mitatu ya kwanza, unaonyesha umri wa mimba vizuri sana. Sababu ni kwamba mwanzoni watoto wote hukua karibu sawa, wa tajiri na wa maskini, wa mrefu na wa mfupi. Kadiri siku zinavyokwenda, kila mmoja anashika njia yake kufuatana na lishe, afya ya mama na maumbile.

Kwa hiyo kipimo cha mapema, kabla ya wiki ya 14, hukosea kwa siku tano hadi saba. Katikati ya mimba hukosea kama siku kumi, hata wiki mbili. Kuanzia wiki ya 28 kinaweza kukosea kwa wiki tatu. Wiki tatu, wapenzi! Ukipima mwishoni, mashine haikwambii mtoto ana umri gani. Inakwambia ni mkubwa kiasi gani, kisha inakisia umri kwa ukubwa huo. Ni kama kumtazama kijana wa kidato cha pili ukakisia umri kwa urefu wake.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunakwenda altrasaundi mimba ikiwa ya miezi saba, kwa sababu tunataka kujua kama ni wa kiume au wa kike ili tununue nguo. Mashine inatoa tarehe mpya, tofauti na ya kadi. Mama anafurahia tarehe mpya kwa sababu imetoka kwenye kompyuta. Mwezi unaofuata anakwenda kwingine, anapewa ya tatu. Ninamfahamu dada mmoja aliyefika wodini na tarehe nne, kila moja na karatasi yake, na kila zamu ya wakunga ikawa inachagua inayoipenda. Kanuni ya kitaalamu iko wazi: tarehe ikishathibitishwa kwa kipimo cha mapema haibadilishwi na kipimo cha baadaye. Kipimo cha baadaye kikitofautiana, swali la kuuliza ni kama mtoto anakua vizuri. Hakuna mtoto anayepunguza umri tumboni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, lilipendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kukisia umri wa mimba. Mwongozo huo huo uliweka mahudhurio manane ya kliniki badala ya manne, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kwisha. Nauliza: vituo vyetu vingapi vya vijijini vinaweza kutoa kipimo hicho kimoja bila mama kupanda bodaboda na basi hadi wilayani? Wenye fedha wanapimwa mara sita kwa sababu ya kutaka picha. Asiye nacho hapimwi hata mara moja. Kipimo kimoja cha mapema kwa kila mwanamke kingekuwa na faida kuliko sita kwa wachache.

Kuna watakaosema, kwani mabibi zetu walikuwa na altrasaundi? Walizaa watoto kumi bila kujua LNMP ni mdudu gani. Kweli kabisa. Na katika hao kumi walizika wangapi? Tuwe wakweli, hesabu ya makaburi madogo nyuma ya nyumba huwa hatuitaji. Isitoshe, mabibi hawakuwa wajinga. Walihesabu miandamo ya mwezi kwa mafundo ya kamba na kwa misimu. Walijua kwamba tarehe ina maana. Tulioacha kuhesabu ni sisi.

Ngoja nionyeshe kwa nini tarehe ina maana, nisionekane nabishana na kivuli.

Kwanza, malaria. Dawa ya SP ambayo mjamzito humeza kliniki kama kinga haitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo. Huanza mimba inapoingia miezi mitatu ya pili, kisha hurudiwa kwa kupishana angalau mwezi mmoja. Mwenye tarehe ya kubahatisha ataipewa mapema mno au atacheleweshewa, huku mbu hawasubiri.

Pili, mtoto njiti. Kuna sindano za kumkomaza mtoto mapafu, anazochomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati, kati ya wiki ya 24 na 34. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambako matumizi ya sindano hizo yalipanuliwa hadi vituo vya chini, mahali ambapo altrasaundi ni shida na umri wa mimba hukisiwa. Wengi waliochomwa hawakuwa na watoto njiti. Vifo vya watoto wachanga kwa ujumla havikupungua, viliongezeka. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo tena, safari hii hospitalini, umri wa mimba ukithibitishwa kwa altrasaundi. Waliofariki walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wasiopata. Tofauti kati ya tafiti hizi haikuwa tarehe pekee, matunzo baada ya kuzaliwa nayo yalihusika. Lakini shirika hilo linataja sharti la kwanza kabisa la kutoa sindano hizo kuwa ni umri wa mimba kujulikana kwa uhakika. Dawa ile ile inaokoa au inadhuru, kutegemea hesabu.

Tatu, kuchelewa. Mimba huhesabiwa kuwa imekomaa kuanzia wiki ya 37, na ikifika wiki ya 42 imepitiliza. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni mama kuanzishiwa uchungu pale inapojulikana kwa hakika kwamba ametimiza wiki 41. Zingatia maneno "kwa hakika". Mwenye tarehe iliyosogezwa mbele kwa wiki tatu anakaa nyumbani akiambiwa bado, kumbe kondo la nyuma limeshachoka. Mwenye tarehe iliyorudishwa nyuma anaanzishiwa uchungu au anapasuliwa kwa haraka, na anayetoka ni mtoto wa wiki 35 anayehangaika kupumua.

Nne, kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiriwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, na inamruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayomwongezea muda mama wa mtoto njiti, na njiti hutambuliwa kwa wiki za mimba. Kwa maneno mengine, makisio ya nesi wa zahanati yamekuwa jambo la kisheria, lenye mshahara ndani yake. Halafu kuna mabosi wanaomnunia mama kwa sababu aliandika tarehe 20 akajifungua tarehe 6. Bosi wangu mpendwa, watoto wanaozaliwa siku ile ile ya makisio ni kama watano tu katika kila mia. Usilete barua ya kujieleza.

Na hapo nimalizie na wale wanaohesabu miezi ya wenzao. Harusi ilikuwa Desemba, mtoto kazaliwa Agosti, mtaa mzima unapiga hesabu. Wiki mbili za Naegele hawazijui, wiki 37 hawazijui, njiti hawamjui, ila hukumu wanayo. Wengine wanashikilia imani kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hafiki popote. Hii si kweli hata kidogo. Kila wiki anayoongeza tumboni kabla ya kukomaa inampa nafasi zaidi ya kuishi. Imani hii inaua, kwa sababu kuna familia zinakata tamaa na mtoto wa miezi minane ambaye alihitaji tu joto la kifua cha mama yake, maziwa na uangalizi.

Nifanyeje basi, utauliza. Mwanamke uliye katika umri wa kuzaa, weka alama kwenye kalenda au kwenye simu kila hedhi inapoanza, hata kama huna mpango wa kuzaa. Haina gharama. Ukikosa siku zako, usisubiri tumbo lionekane ndipo uende kliniki. Najua mila zetu za kuficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu, ila nesi si jirani. Ukifika, taja mzunguko wako ni wa siku ngapi, na uliza: tarehe hii mmeipataje, kwa hedhi, kwa tumbo au kwa kipimo? Ukipata altrasaundi ya mapema, karatasi yake itunze kama cheti cha kuzaliwa. Wizara ya Afya nayo, kwa unyenyekevu, naiomba iweke kwenye kadi mstari mmoja unaoonyesha tarehe imetokana na nini. Wino wa mstari mmoja hautafilisi nchi.

Na wewe mwanaume, nenda naye. Sikiliza hesabu ikifanywa, ili siku ya kugombana uwe umeshajibiwa.

La mwisho, na hili usilisahau hata ukisahau mengine yote: tarehe haimzuii mtu kwenda hospitali. Damu ikitoka, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, usiangalie kalenda. Hakuna kitu kinaitwa "tarehe bado" mbele ya dalili hizo. Beba kadi yako uende, usiku huo huo.

Naomba kutoa hoja.